Je, mchoro wa mjamzito uliokatwa mstari unatosha kwenye lebo ya dawa?

Muulizaji: Ndugu zangu, ninasanifu lebo ya dawa inayoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Nimechora mjamzito ndani ya duara jekundu lililokatwa mstari, na chini yake nimeandika "Usitumie ukiwa mjamzito". Nafikiria pia kuongeza herufi ya kuonyesha kiwango cha hatari. Je, nimesahau jambo?

Mfamasia: Mchoro huo ukiachwa peke yake ni mtego. Thalidomaidi, dawa iliyoanza kuondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya kulemaza watoto wapatao 10,000 au zaidi wakiwa tumboni, ilirudi baadaye kutibu matatizo fulani yatokanayo na ukoma. Nchini Brazili, pakiti zake zilipowekwa mchoro kama wako, wapo walioamini kuwa ni dawa ya kuzuia mimba. Sioni namna ya kuwalaumu, kwa maana mstari umepita juu ya mimba, nao wakasoma "hakuna mimba".

Hata maneno yako yanachelewa. Mrija ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hufunga mnamo siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, hivyo onyo limlenge pia anayeweza kushika mimba. Herufi achana nazo: Marekani ilizitumia tangu 1979, ikaanza kuziondoa mwaka 2015, kwa kuwa zilichukuliwa kama alama za mtihani.

Daktari: Naongeza upande wa pili. Valproati, dawa ya kifafa, husababisha kasoro za kuzaliwa kwa takriban mtoto 1 kati ya 10 ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito. Lakini mgonjwa akiogopeshwa na lebo hata akaiacha ghafla, degedege linaweza kumuua yeye na mtoto. Kwa dawa ya namna hiyo, "usitumie" pekee ni agizo la hatari.

Muulizaji: Nashukuru. Dawa yangu nayo haifai kuachwa ghafla, kwa hiyo nimeandika: "Dawa hii inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Haizuii mimba. Ukishika mimba au ukitaka kushika mimba, muone daktari mara moja, usiiache mwenyewe."

Mfamasia: Afadhali. Sasa wape wasomaji wa kawaida, lakini usiwaulize kama wameelewa, maana wote watasema ndiyo. Waombe wakueleze dawa hiyo inafanya nini.