Mrejesho: uzio wa umeme uliokuwa haumtishi ng'ombe kiangazi

Wakuu, lile swali la ng'ombe kuvuka uzio wa umeme wa malisho tangu mvua zikatike limepata jibu. Mashine (ile inayosukuma umeme kwenye waya) nzima, betri nzima. Ubovu ulikuwa ardhini. Nondo moja ya futi 3 ya kutuliza umeme (ethi), iliyochomekwa kwenye udongo mkavu, hairudishi umeme kwenye mashine, kwa hiyo ng'ombe akigusa waya anahisi mtekenyo tu.

Kipimo mlichonielekeza ndicho kilichoumbua. Mita 100 kutoka kwenye mashine, egemeza vyuma kutoka ardhini kwenye waya mpaka uzio ushuke chini ya volti 2,000, kisha pima ile nondo. Isizidi volti 300. Yangu ilisoma 1,100!

Sasa badala ya ile nondo kuna mabomba matatu ya mabati, mita 2 kila moja, yameachana mita 3, yameungwa kwa waya mmoja usio na viungio na vibano vimekazwa sawasawa. Nondo tupu, isiyo ya mabati, hushika kutu, na kutu huzuia umeme. Kiangazi kikikolea, ndoo ya maji kwenye kila bomba inasaidia (chumvi achaneni nayo, inakula chuma). Kipimo kilekile leo: 200. Mtamba aliyekuwa kinara wa kuvuka sasa anasimama mbali na uzio.