Graziani: kwa nini alishinda Libya na Ethiopia, kisha akaporomoka Misri?

Mdadisi
Wakuu, Rodolfo Graziani, jenerali wa Italia ya Mussolini, alimnyonga Omar al-Mukhtar, kiongozi wa upinzani Libya, akamvunja Ras Desta, kamanda wa Ethiopia, mwaka 1936. Desemba 1940 jeshi dogo la Waingereza na Wahindi likamsambaratisha Misri kwa siku tatu. Jenerali ni yule yule, nini kilibadilika?

Kamusi_ya_Vita
Adui ndiye aliyebadilika. Libya alipambana na wapanda farasi wenye bunduki, na hata hao aliwashinda kwa kuwakatia riziki. Watu wapatao 100,000 wa Cyrenaica, mashariki mwa Libya, waliswagwa kambini pamoja na mifugo, wakafa kwa maelfu. Kisha akavuta seng'enge ya kilomita 270 hivi, Bardia hadi Jaghbub, ili risasi na chakula visivuke kutoka Misri. Omar alikamatwa 11 Septemba 1931, siku tano baadaye akanyongwa Suluq mbele ya watu wake.

Ethiopia ni hivyo hivyo. Januari 1936 alitoka Dolo, mpakani na Somalia, kwa malori na ndege, akafika mji wa Neghelli, kusini mwa Ethiopia, tarehe 20. Watu wa Desta walitembea kwa miguu, hawana ndege hata moja, wakimwagiwa gesi ya haradali. Na aliporushiwa mabomu ya mkono Addis Ababa, 19 Februari 1937, Waitaliano waliua raia siku tatu mfululizo. Mwezi Mei ikawa zamu ya watawa wa monasteri ya Debre Libanos. Huo si ustadi wa vita.

Mzee wa Ramani
Kweli kabisa mkuu. Sasa tazama Misri. Septemba 1940 alisonga kama kilomita 100 hadi Sidi Barrani, akasimama kungoja barabara na bomba la maji. Akatawanya jeshi kwenye makambi yasiyoweza kusaidiana. Kati ya kambi za Nibeiwa na Rabia pengo lilizidi kilomita 20. Waingereza wakapenya hapo usiku, na alfajiri ya 9 Desemba wakaingia Nibeiwa kwa nyuma, kaskazini-magharibi, ambako malori ya Waitaliano wenyewe yalipitia na hapakutegwa mabomu ardhini. Vifaru vya Waitaliano vya M11/39 vilipigwa kabla wenyewe hawajaviondoa. Mizinga yao ya milimita 47 ikagonga Matilda, vifaru vya Waingereza vyenye chuma cha milimita 78, bila kutoboa. Jenerali Maletti, kamanda wa kambi hiyo, akafia pale pale. Graziani alikuwa Cyrene, huko Libya, mamia ya kilomita nyuma.

Mdadisi
Na alishtakiwa?

Kamusi_ya_Vita
Mwaka 1950 alihukumiwa miaka 19 kwa kushirikiana na Wajerumani akiwa waziri wa Mussolini kule Salò, serikali yake ya kaskazini mwa Italia chini ya Wajerumani. Akatoka mwaka huo huo. Kwa Libya na Ethiopia hakupandishwa kizimbani kamwe.