dig inapata jina, ping hailipati

Swali

Wakuu, kwenye mashine ya Debian `dig faili.local` inarudisha 192.168.10.5 papo hapo. `ping faili.local` inaganda sekunde kadhaa, kisha inaandika `Name or service not known`. Nikiipiga ping anwani yenyewe inajibu, na majina ya intaneti hayana shida. resolv.conf ina mstari mmoja, `nameserver 192.168.10.2`, ndiyo seva yetu ya DNS (inayogeuza majina kuwa anwani), inayoendesha dnsmasq. Jina nimeliweka huko hivi: `address=/faili.local/192.168.10.5`.

Jibu la 1

Hazipiti njia moja, mkuu. dig huiuliza seva ya DNS moja kwa moja. ping, ssh na nyingine nyingi huuliza kupitia glibc, maktaba ya msingi ya mfumo, nayo hufuata /etc/nsswitch.conf, faili linalopanga njia za kutafuta jina na mfuatano wake. Kwa hiyo dig si kipimo hapa, tumia getent inayopita njia ileile ya ping, kisha uone mpangilio:

`getent ahostsv4 faili.local`
`grep ^hosts /etc/nsswitch.conf`

Bila shaka utakuta:

`hosts: files mdns4_minimal [NOTFOUND=return] dns`

mdns4_minimal hudaka majina ya .local na, kupitia avahi-daemon (huduma ya mDNS, yaani vifaa kuulizana majina bila seva), huyaulizia mtandao wa ndani kwa anwani ya kundi 224.0.0.251, poti 5353. Hakuna kifaa kinachoitikia, ndiyo maana inaganda. Kisha `[NOTFOUND=return]` inakata utafutaji palepale, na dns haifikiwi kabisa. Andika:

`hosts: files dns mdns4_minimal`

Printa zinazojitangaza kwa .local zitaendelea kupatikana, ila kila jina litapitia seva ya DNS kwanza.

Jibu la 2

Itafanya kazi, lakini utarudia hivyo kwenye kila mashine. Mimi ningebadilisha jina. RFC 6762 (hati ya viwango vya intaneti) ya 2013 iliitenga .local kwa mDNS, na macOS pia inaichukulia hivyo. Kwa mitandao ya nyumbani ipo home.arpa (RFC 8375, 2018). Kwenye dnsmasq:

`host-record=faili.home.arpa,192.168.10.5`

Kisha `systemctl restart dnsmasq`. Faida nyingine: `address=` hujibu hata majina yote yaliyo chini ya hilo, kwa hiyo ukikosea kuandika bado unapewa anwani, na kosa linajificha. host-record hujibu jina hilo tu, na hutoa PTR pia, yaani rekodi ya kupata jina kutoka kwenye anwani.

Muulizaji

Nimehamia home.arpa. getent na ping sawa, kivinjari bado kinagoma.

Jibu la 1

Angalia kama DNS kupitia HTTPS imewashwa kwenye mipangilio yake. Ikiwa imewashwa, kinauliza seva ya nje isiyolijua jina lako. Izime, kisha ufunge kivinjari na kukifungua upya.