Amechomoa sindano ya Liongo mbele ya mama yangu! Huyu mtu wa kofia azuiwe kila geti Dodoma

Wakuu, ni saa saba usiku, nimefika Nkuhungu sasa hivi, hata viatu sijavua. Mtu mzima, ana kofia kichwani na wajukuu nyumbani, kamchomoa marehemu wa kwenye shoo sindano kitovuni. Kamchomoa! Watu wanaangalia, mama yangu mzazi anaangalia.

Simtaji. Mji huu wote mnamjua. Yule wa kofia ya pama na miwani ya jua saa tatu usiku, ambaye tangu azaliwe hajahudhuria harusi wala msiba asishike maiki. Atakayesema hamjui ni mwongo.

Kwa ambao hamkuwepo: ni ile shoo ya Fumo Liongo, shujaa wa hadithi za kale za Waswahili wa pwani, waliyoileta vijana wa Dar, wale walioshuka na SGR na vibuyu vyao. Hakuna jukwaa, hakuna viti. Getini unapewa kibuyu kitupu, na kuanzia hapo wewe ni mtu wa mji wa Liongo, wanakokwenda unakwenda. Elfu ishirini na tano kichwa. Mimi na Bi mkubwa, elfu hamsini imekwenda.

Na ilikuwa nzuri, jamani, hapo ndipo ninapoumia. Gerezani tumeingia wote, giza tupu. Askari wakala mkate mzuri, ule wa wishwa wakaupitisha mikononi mwetu ufike kwa mfungwa, hawajui mama yake kaficha tupa ndani. Nimeushika mimi mwenyewe, mzito kama tofali. Gungu, ile ngoma ya zamani ya pwani, ilipoanza, sisi ndio waitikiaji, tunapiga makofi na matoazi kwa nguvu zote ili tupa isisikike ikikata pingu. Mama yangu ana goti bovu na miaka 67. Aliitikia kama msichana! Hadithi hii yeye ndiye aliyetusimulia Mpwapwa, usiku, tukibangua karanga.

Basi tukafika kisimani. Mtoto wa Liongo keshamchoma baba yake sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liongo kaamka, kachukua upinde, kapiga goti kando ya kisima, kavuta mshale, kafia palepale. Mji mzima unaogopa kuteka maji, unadhani yu hai. Na mji ndio sisi, tumekaa chini na vibuyu vyetu. Karabai moja tu, na upepo wetu wa Dodoma unaichezesha. Yule kijana nilikuwa karibu naye kiasi cha kumshika. Sisimizi alipanda shavuni, akapita kwenye nyusi, akateremka mpaka pembe ya jicho. Hakupepesa! Mama wa Liongo akatoka gizani anaimba taratibu, anambembeleza mwanawe atulize hasira, watu wanywe maji. Mama yangu kanishika mkono, machozi yanamtoka.

Likofia likasimama.

Likaenda mpaka kisimani na viatu vyake vya kugonga. Likamwekea Liongo mkono begani, likawasha taa ya simu ya kupofusha ng'ombe, likajipiga picha na maiti. Halafu likaiona sindano. Likauliza, "Hii ni shaba kweli?" LIKAICHOMOA. Likainyanyua juu kama daktari aliyeng'oa jino la tembo.

Mshale ukamponyoka kijana wa watu. Mama wa Liongo wimbo ukamkatikia kooni, akabaki anaangalia tu.

Nikamfuata, nikamwambia kaka, tafadhali, rudisha sindano. Akanitazama juu mpaka chini: "Dogo, mimi nimelipia viti maalumu." Viti gani? Tumekaa kwenye vumbi wote! Kisha akamgeukia mama yangu: "Na wewe bibi acha kulia, hakuna aliyekufa hapa."

Sindano ya shaba, urefu wa kiganja, inachomolewa kitovuni mwa Liongo, mtu ambaye mji mzima wenye silaha ulishindwa kumgusa! Makao makuu tumetangazwa tangu 1973, na kukaa kimya dakika tano kumetushinda? Kwenye bajaji mama hakusema neno mpaka nyumbani. Na sindano kaondoka nayo. Kaichomeka kwenye kofia. Nimemwona kwa macho yangu.

Kigoda cha Makole: Pole mkuu. Mimi nilidhani ni sehemu ya mchezo, nikapiga makofi. Niombee radhi kwa mama.

Mzee wa Zabibu: Huyohuyo! Harusi ya binamu yangu alikata keki kabla ya maharusi. Tulimwacha kwa sababu ya umri.

Fundi Friji: Elfu hamsini ufungwe gerezani, ukalishwe chini, uazimwe na kibuyu? Mleta uzi, si ungenunua ndoo ya zabibu, ukakaa na mama barazani akusimulie bure? Hapa aliyechomwa sindano ni wewe.

Mleta uzi: Fundi, elfu hamsini siilalamikii. KACHOMOA SINDANO. Mama wa Liongo yuko katikati ya wimbo!

Bint Kongwa: Kwani ikichomolewa si ndiyo anafufuka?

Mtoto wa Chamwino: Mimi hasira zangu ziko kwingine. Ugogoni mnatuletea Liongo wa nini? Mgogo mwenzetu Hukwe Zawose kazunguka dunia na ilimba na zeze. Mama zetu wakibana ngoma za muheme magotini, vumbi linainuka lenyewe. Leo nalipa pesa nipigishwe matoazi?

Abuu wa Pwani: Mtoto wa Chamwino, Liongo ni wa kila anayesema Kiswahili. Na gungu ni matoazi, haijapata kuwa muheme.

Mtoto wa Chamwino: Njoo Chamwino useme hayo mbele ya bibi yangu.

Dada wa Area C: Mnabishania ngoma, mimi niliagiza kuku pale nje kabla Liongo hajafungwa. Amefungwa, ametoroka, amekufa, kuku hajaja! Nimeletewa paja moja, la baridi, mtu anazima taa.

Mzee wa Zabibu: Kuku wa pale ni hivyo siku zote. Agiza mbuzi.

Dada wa Area C: Mbuzi ndio walisema wameisha!

Kipanga 07: Nyie mmekula. Mimi bajaji Kisasa mpaka Nkuhungu kanitoza elfu kumi na mbili, eti usiku na upepo. Upepo unakula mafuta?

Bint Kongwa: Elfu kumi na mbili?? Mimi elfu saba, na tulikuwa watatu.

Mleta uzi: Wakuu, tusitoke kwenye mada. Nani ana namba za wale vijana? Kesho wanaonyesha tena na sindano hawana.

Kipanga 07: Bint Kongwa, huyo wa elfu saba ana bajaji ya rangi gani?

Bint Kongwa: Bluu, ina turubai jipya. Anapaki Sabasaba.