Mkate kwa samaki wa paki ya Malindi: tuendelee au tukome?

Aliyeanzisha, mwongoza wageni

Nauliza nyinyi wa Malindi na Watamu, hasa mnaopata riziki kwa boti za sakafu ya kioo: tuendelee kuwamwagia bofulo, yaani mkate, samaki wa paki, ile hifadhi ya bahari isiyovuliwa?

Juzi maji yamekupwa, mgeni wangu alivaa miwani akashuka kwenye matumbawe mikono mitupu. Hata hajatulia, wale wadogo wa mistari myeusi na mgongo wa manjano wamemzonga, wanamdonoa vidole. Akapanda mbio, akaniuliza hawa wana nini. Nikamwambia wanakupenda. Uongo. Wanapenda bofulo.

Wanatambua nini hasa wakiona mtu? Kule Corsica, kisiwa cha Ufaransa, watafiti wa taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walitoa jibu mwaka 2025. Mzamiaji alivaa fulana nyekundu, akawalisha samaki wa mwituni huku akiogelea mita 50. Kidogo kidogo akavua fulana, akaficha chakula, akawa anawapa mwisho wa safari tu. Baada ya siku 12, samaki kama 20 wanamfuata. Akaja na mwenzake aliyevaa tofauti: mwanzo samaki waligawanyika, baadaye wakamshika yule mwenye chakula, wakamwacha asiye nacho. Walipovaa sare, samaki wakashindwa kuwatofautisha. Kumbe walikuwa wakisoma mavazi.

Basi wetu sisi wamesoma nini? Kila mwenye miwani na mapezi ni duka la mkate.

Maoni yangu: tukome. Ule ukaribu tunaouza haukuletwa na bofulo. Nendeni nje ya paki muone. Kitatange atakuacha umkaribie, nani anamla kitatange? Lakini pono na tafi, wewe hujawaona, wao wameshakuona na wamekwenda. Rudi ndani: pono yuleyule anakwangua mwamba mpaka unasikia meno yake, na wewe uko karibu naye. Huyo halishwi mkate na mtu. Ametulia kwa sababu hapa hapavuliwi tangu 1968.

Nahodha wa boti

Kaka, wewe wageni wako wanaogelea. Wangu ni mabibi wa miaka 70 wasiotaka kulowa hata kisigino. Kaskazi ikivuma na mto Sabaki umeshusha tope, chini ya kioo kuna nini? Chai ya maziwa. Nikimwaga vipande viwili vya mkate, samaki wanapanda, mgeni anapiga picha, watoto wangu wanakwenda skuli. Samaki gani amekufa kwa mkate? Nitajie mmoja.

Na huo mwamba uliungua joto la 1998, matumbawe mengi yakafa. Hilo halikuletwa na bofulo langu. Mwaniona mimi tu.

Mvuvi wa malema, Mayungu

Nyinyi mwagombania mkate, mimi nina neno kuhusu mpaka. Samaki hajui mpaka. Akishazoea watu huko ndani, akivuka kuja kwetu anavuka na uzoefu wake. Watafiti waliofanya kazi Ufilipino waliliona hilo: karibu na eneo lililofungwa, hata upande wa nje, samaki hawakimbii mapema kama wa mbali. Wazee wetu hapa walilijua bila kalamu.

Sasa anayefaidi ni nani? Si mimi. Lema ni mtego tu, halina miwani. Samaki hawezi kujifunza kumwogopa mtu kwa lema. Anayefaidi ni mwenye bunduki ya mshale, iliyopigwa marufuku kwa gazeti la serikali tangu 2001 na bado alfajiri twawaona. Samaki aliyezoea kupewa mkate anamjia mwenyewe. Mumemfuga, mwengine anamchinja.

Kwa hivyo mimi niko na mwongoza wageni, lakini si kwa sababu yake. Yeye anataka samaki wasiwe ombaomba. Mimi nataka wabaki na woga kidogo.

Mama, mkaazi wa Shela, Malindi

Woga kidogo wanao, mzee wangu! Samaki kikande mkubwa akiwa na mayai alinifukuza mpaka nikaacha pezi moja. Nilikimbilia juu, kumbe eneo lake linapanda juu kama faneli. Ilinipasa niogelee kwenda pembeni. Na nampenda vivyo hivyo, maana vikande ndio wanaokula wale wa miiba wanaotuchoma nyayo, ambao wakizidi wanatafuna mwamba mpaka unabaki kifusi. Nahodha, umeuliza nani amekufa. Mimi nauliza aliyeshiba mkate ameacha kazi gani.

Aliyeanzisha

Mama umenisaidia. Mzee wa Mayungu, woga wa mshale siutaki hata kidogo, kwa sababu anayeujifunza ni yule aliyekoswa. Mwenye bunduki ashikwe, samaki asifundishwe kwa damu.

Nahodha, tope nakubali, sina jibu la tope. Lakini siku maji ni safi, huo mkate unamwagiwa nini? Tufanye hivi: boti mbili, bamvua moja (siku za maji kujaa na kupwa sana), saa ileile. Yako na bofulo, yangu bila. Wageni wakishuka tuwaulize waliona samaki wa aina ngapi. Nadhani wako watataja aina moja, wale wa mistari, kwa sababu wakishajaa chini ya kioo huoni kilicho nyuma yao.

Nahodha wa boti

Bamvua lijalo, sawa. Lakini akitokea mgeni wako akasema hakuona kitu, pesa zake utarudisha wewe.