Naomba ushauri: kuwashughulisha watoto wadogo jioni kambini

Ndugu wazazi wenzangu, naomba ushauri wenu. Mwezi ujao mimi na mume wangu tunatarajia kupiga kambi kwa siku 3 katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, pamoja na watoto wetu wa miaka 3 na 6. Mchana haunipi wasiwasi, kwa kuwa hifadhi hiyo inaruhusu wageni kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, na pundamilia huonekana njiani. Shida ni jioni, maana giza huingia mnamo saa moja na usiku ni mrefu. Safari iliyopita mdogo alilia tangu tulipowasha moto hadi akapitiwa na usingizi, kiatu kimoja kikiwa bado mguuni, huku dada yake akichezea tochi mpaka betri zikaisha. Simu sitaki kabisa kuwapa. Nimefikiria vitendawili na hadithi za sungura na fisi, lakini mdogo bado hawezi kutulia akasikiliza. Mliowahi kulala porini na watoto wa umri huu, mliwashughulisha vipi baada ya chakula bila kuwaacha waende mbali na hema? Na mvua ikinyesha, je?