Mama anachoka sana, kauziwa vidonge vya "kufufua tezi za adrenali". Naombeni ushauri

Binti_Mwanga: Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 58, tupo Mwanga hapa Kigoma mjini. Wiki hizi anachoka mno, na asubuhi ndiyo inakuwa mbaya zaidi. Akiinuka kitandani anaona giza, chakula hakimpandi, kichefuchefu cha mara kwa mara, nguo zinampwaya. Malaria kapimwa, hana. Wingi wa damu 12.1, sukari kabla ya kula 4.1. Muuza virutubisho mmoja kamwambia tezi zake za adrenali zimechoka, anataka amuuzie kopo la vidonge vya mwezi mzima. Je, vinafaa? Na kwa vyakula vyetu vya huku, ale nini tezi hizo zikae sawa?

Mdau_Ujiji: Pole dada. Tezi hizo ndizo zinazoshika chumvi mwilini. Mpe maji yenye chumvi ya Uvinza kila asubuhi, kijiko kidogo kwenye glasi, kizunguzungu kitakata.

Mfamasia_Kgm: Mdau, hapo tusubiri kwanza. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 5 za chumvi, yaani kiasi chote anachoshauriwa mtu mzima kwa siku nzima kabla hajagusa mboga. Kwa mama wa miaka 58 ambaye presha yake hatuijui, si jambo la kujaribia nyumbani.

Dada, kopo usinunue. Tezi za adrenali hukaa juu ya figo, moja kila upande, na hutoa homoni za kotisoli, aldosteroni na adrenalini. Haziishiwi nguvu kwa sababu ya mawazo au kazi nyingi. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyokusanya tafiti 58 hayakupata ushahidi wa huo "uchovu wa adrenali". Kibaya zaidi, watafiti wa Marekani walipima virutubisho 12 vya aina hiyo wakachapisha majibu mwaka 2018: vyote 12 vilikuwa na homoni ya thairoidi, na 7 vilikuwa na steroidi, yaani homoni za jamii ya kotisoli, ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Mtu anajisikia vizuri wiki mbili kwa sababu anameza homoni bila kujua, huku tezi zake zinazidi kulala.

Lakini dalili ulizotaja sizipuuzi hata kidogo. Nijibu haya: amewahi kutumia prednisoloni au deksamethasoni, ambazo nazo ni steroidi, hata za kununua dukani bila cheti? Sindano za magoti? Krimu za kujichubua? Amewahi kuugua kifua kikuu? Ngozi imekuwa nyeusi kwenye mikunjo ya viganja au kwenye ufizi?

Binti_Mwanga: Ngozi iko kawaida na TB hajawahi. Ila prednisoloni ndiyo. Alikuwa anazitumia kwa ajili ya magoti, za miligramu 5, mbili asubuhi mbili jioni, kama miezi minne hivi. Magoti yalipotulia akaacha zote siku moja. Ni wiki ya tatu sasa.

Mfamasia_Kgm: Basi hapo ndipo pa kuanzia. Miligramu 20 kwa siku ni mara nne hivi ya kiasi ambacho mwili wenyewe huhitaji. Ubongo ukiona steroidi imejaa kwenye damu, unaacha kuziamuru tezi zifanye kazi, nazo zinasinyaa. Mtu akitumia zaidi ya wiki 3 au 4 kisha akaacha ghafla, dawa haipo na tezi hazijaamka. Ndiyo maana dozi hushushwa taratibu, na ikifika miligramu 5 hivi mwendo unapunguzwa zaidi. Kuamka kwa tezi kunaweza kuchukua miezi, wengine hata mwaka.

Nenda naye hospitali ya Maweni kesho asubuhi na mapema. Fanyeni hivi:

Alale dakika 5, apimwe presha. Asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwonyesheni daktari.

Ombeni kipimo cha kotisoli, damu itolewe saa 2 asubuhi au karibu na hapo, maana kotisoli hupanda alfajiri na kushuka kabisa usiku wa manane. Kipimo cha saa 9 mchana kitawapotosha. Uliza kama kinafanyika hapo hapo au sampuli inasafirishwa. Asimeze prednisoloni yoyote kabla ya damu kutolewa, kwa sababu baadhi ya mashine huihesabu kama kotisoli. Kwa mtu aliyetoka kwenye steroidi, majibu yakizidi nanomoli 300 kwa lita tezi zimeamka. Chini ya 150 bado zimelala. Katikati ya hapo kipimo hurudiwa baadaye. Pimeni pia sodiamu, potasiamu na sukari.

Beba pakiti tupu za dawa. "Vidonge vya magoti" havimwambii daktari kitu.

Akitapika mfululizo, akichanganyikiwa, akilegea au akipata homa kali, usisubiri kesho wala maabara. Ni dharura: haidrokotisoni miligramu 100 kwa sindano na dripu ya chumvi, mara moja. Waambie mlangoni kabisa, "ameacha steroidi ghafla".

Lishe_Kwanza: Naongezea upande wa chakula. Mdau hajakosea kwamba adrenali hushika chumvi, ila kazi hiyo ni ya aldosteroni, na hiyo huongozwa zaidi na figo. Steroidi zikilaza tezi, aldosteroni kwa kawaida hubaki. Wanaohitaji chumvi ya ziada ni wale ambao tezi zenyewe zimeharibika, kwa mfano kwa TB, na huongezewa na daktari.

Kwa mama, cha kwanza asikae na njaa. Kotisoli ikipungua, ini linaweza kushindwa kutoa sukari ya kutosha usiku, na huenda ndiyo maana asubuhi inamwangusha. Ale ndani ya saa moja baada ya kuamka: uji wa mtama au ulezi wenye karanga zilizosagwa, na yai. Kisha kidogo kidogo kila saa 3 au 4. Ugali wa muhogo peke yake una protini kidogo sana, kwa hiyo usiende mezani bila maharage, migebuka au dagaa.

Dagaa wa Kigoma ni muhimu kwake kwa sababu nyingine: steroidi hula mifupa, na dagaa akiliwa mzima na mifupa yake anarudisha kalsiamu. Waloweke dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu, waoshe mpaka mchanga uishe, kiganja kimoja kwa siku. Waliotiwa chumvi nyingi waoshwe mara mbili. Mawese kijiko kimoja au viwili vya chakula vinatosha chungu cha familia.

Kahawa na chai ya rangi mwisho saa 6 mchana. Nusu ya kafeini bado huwa mwilini baada ya saa 5 hivi, na usingizi mbovu unavuruga mpangilio wa kotisoli. Alale na kuamka saa zile zile, akae nje kwenye mwanga wa asubuhi. Kabla ya kusimama akae ukingoni mwa kitanda dakika 2.

Chakula hiki kinamsaidia mwili wakati tezi zinaamka. Hakichukui nafasi ya dawa.

Binti_Mwanga: Asanteni sana. Je, nimrudishie prednisoloni usiku huu? Kuna vidonge vimebaki.

Mfamasia_Kgm: Kama yuko macho, anaongea vizuri, anakunywa na hatapiki, subiri damu itolewe asubuhi. Daktari akiona inafaa, atamrudishia dozi ndogo na kukuandikia ratiba ya kushuka. Hali ikibadilika usiku, nendeni usiku huo huo na hivyo vidonge vibebeni. Na akishaanza tiba, mwombe daktari akuandikie dozi ya siku za homa: kwa kawaida huongezwa mara 2 au 3 mpaka homa iishe, na huku kwetu kwenye malaria hiyo karatasi aitunze pamoja na kadi yake ya bima.